Mbwa Porini, Kamba Mkononi
Kanuni ya msitu wa Karura, Nairobi, ni nyepesi: ukija na mbwa, mfunge kamba. Wapo wanaonuna, eti mnyama kaletwa kupunga hewa, si kuburutwa. Wasichokumbuka ni kwamba porini pua ya mbwa huitangulia akili yake. Kila kichaka atakichungulia, na kifutu, nyoka mzito asiye na haraka ya kukimbia vishindo, hulala papo hapo kando ya njia. Ukipanda milima ya mbali zaidi kuna chui, ambaye mbwa kwake ni kitoweo tu. Halafu kuna jua. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Ukiona ulimi umeiva wekundu, mate yamekuwa mazito na miguu inapepesuka, matembezi yamekwisha: mtie kivulini, mmwagie maji tumboni na miguuni, mpepee, kisha mbio kwa daktari wa mifugo. Hata mkirudi salama, mpekue kupe masikioni, kwapani na katikati ya vidole, maana maradhi ya kupe huanza kimya kimya. Hifadhi za taifa za Kenya zisahau kabisa. Huko mbwa wa matembezi haruhusiwi. Kamba, maji ya kumtosha na chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo nauli ya safari. Anayeona hayo ni usumbufu, amwache mbwa wake nyumbani alinde geti.