Asili ya Majina: Jina la Ammann

Mwezi huu tumepokea barua kutoka Rahaleo, mjini Mtwara. Aliyeiandika ni baba wa nyumba, naye jina lake twalisitiri. Asema ya kuwa mtoto wake wa kiume yu karibu kubatizwa, na babu wa mtoto, mzee aliyetiwa kipaimara kabla ya mwaka 1948 kwa mkono wa Baba Askofu Joachim Ammann wa Ndanda, ataka mjukuu aitwe Ammann kwa kumkumbuka Askofu huyo. Mjomba wa mtoto akataa katakata. Kwake yeye hilo ni jina la serikali ya Wadachi, jina la kodi na kiboko, na wazee wa upande wa mama waliteswa chini yake. Neno limekuwa zito hata mama wa mtoto haendi tena kwa kaka yake. Kwa hiyo baba atuuliza: jina hili maana yake nini, ni la nani, nalo lafaa kwa mtoto wa Kimakonde?

Swali ni jema, nasi tutalijibu kwa urefu, maana jina hili lina safari ndefu kuliko majina mengi yaliyofika pwani yetu pamoja na meli.

Kwanza ijulikane kwamba Joachim na Ammann si majina ya namna moja. Watawa wa Mtakatifu Benedikto hupewa jina jipya wanapoingia utawani, na Joachim ni jina la namna hiyo, la mtakatifu. Ammann ni jina la ukoo wa baba yake, nalo halina mtakatifu wake. Askofu huyo, aliyekuwa Abate wa Ndanda tangu 1932 hata 1948, alilirithi kama mtu arithivyo shamba.

Asili ya jina ni neno la Kidachi cha kale sana, *ambaht*, na maana yake ni mtumishi, au utumishi wenyewe. Hata Wadachi hawakulizaa wao. Walilipata kwa jirani zao Wagalia, watu waliokaa zamani katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Julius Caesar, jemadari wa Roma aliyepigana na Wagalia miaka hamsini na zaidi kabla ya kuzaliwa Kristo, aliandika katika kitabu chake juu ya vita hivyo ya kuwa mkubwa wa Kigalia alihesabiwa ukubwa wake kwa wingi wa *ambacti* waliomzunguka, yaani watumishi na wafuasi wake. 

Miaka ikapita, neno likafupika. *Ambaht* likawa *ambet*, kisha *Amt*, na maana ikapanda ngazi: kutoka utumishi wa mtu nyumbani mwa bwana wake hata kazi ya serikali, na mwisho ofisi yenyewe. Ukiongeza *Mann*, yaani mtu, wapata *Amtmann*, mtu wa kazi ya serikali. Watu wa Uswisi na wa Udachi ya kusini, ambao hupenda kumeza herufi, walitamka *Amman*, wakaandika Ammann. Basi jina lote ni hilo: mtumishi aliyepewa amri.

Msomaji asishangae kwamba neno la utumishi lapanda hata kuwa neno la ukubwa. Jambo hili hutokea mara nyingi, na katika lugha yetu pia limo. Neno letu *balozi* lilitujia kwa njia ya Waturuki, nao walilipata kwa watu wa Venezia, ambao mwakilishi wao huko Istanbul aliitwa *bailo*. Na *bailo* latoka katika neno la Kilatini la mpagazi, mchukuzi wa mizigo. Balozi aketiye katika gari lenye bendera ni mpagazi kwa asili ya jina lake! Na neno ambalo Wafaransa na Waingereza humwitia balozi, lenyewe latoka katika *ambactus* yule yule wa Caesar. Kwa hiyo balozi wetu, balozi wao na Ammann walianzia wote mlangoni pa bwana, wakingoja kutumwa.

Sasa, huyu Ammann alifanya kazi gani? Katika vijiji vya Uswisi vya zamani, nchi nyingi ilikuwa mali ya wakubwa au ya nyumba za watawa, kama ile abasia maarufu ya Mtakatifu Gallus. Mwenye nchi hakukaa kijijini. Aliweka mtu wake akusanye nafaka, kuku na jibini kwa siku zilizopangwa, aamue kesi ndogo za mipaka na matusi, na kupeleka habari. Mtu huyo ndiye Ammann. Wazee wa pwani ya Ruvuma hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa maana walimjua mtu wa kazi hiyo kwa jina la akida, na chini yake jumbe. Alikuwa katikati: juu yake yuko bwana ataka kodi, chini yake wako jirani zake ambao atazikwa pamoja nao. Wengine waliitenda kazi hiyo kwa haki, na wengine walijinenepesha.

Lakini huko Uswisi jambo moja liligeuka. Baadhi ya mabonde yaliupata uhuru wao, na watu wakaanza kumchagua Ammann wao wenyewe. Mkubwa wa nchi nzima akaitwa *Landammann*. Cheo hicho kingaliko hata leo. Katika jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden wananchi hukusanyika kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Aprili, uwanjani palipo wazi, wakainua mikono kumchagua. Neno la mtumishi wa bwana limekuwa hapo neno la mtumishi wa watu, na twaona hilo ni karibu zaidi na asili yake.

Cheo kiligeukaje kuwa jina la ukoo? Tangu karne ya 12 hata ya 15 hivi, miji ya Ulaya ilijaa watu, na akina Hans na akina Heinrich wakawa wengi mno hata haikuwezekana kuwatenga. Mwandishi wa daftari aliandika: Hans mfua chuma, Hans wa kilimani, Hans Ammann. Mtoto wa Ammann, hata kama hakuwa na cheo, aliendelea kuitwa wa Ammann, na mjukuu vivyo hivyo. Kwa njia hiyo hiyo alipatikana Meyer, msimamizi wa shamba la bwana, jina la yule Hans Meyer aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Na Schulz, ambaye kwa asili alikuwa mkubwa wa kijiji aliyewadai watu madeni yao. Kwetu pia mambo hayo yapo. Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar tangu 1972 hata 1984, hakuitwa hivyo kwa kuwa yeye ni jumbe wa kijiji. Akina Akida na akina Karani tunao, na wengi wao hawajapata kukusanya kodi ya mtu wala kushika kalamu ya ofisi.

Kwa sababu kila kijiji kilikuwa na Ammann wake, wenye jina hili si ukoo mmoja. Ni koo nyingi zisizojuana, kama vile wenye jina la Jumbe wa Mikindani na wa Unguja wasivyo ndugu. Jina limeenea hasa mashariki ya Uswisi, katika nchi za Sankt Gallen, Thurgau na Zürich, likavuka mpaka kuingia Udachi ya kusini na Austria. Halikuwa kamwe jina la kwanza kwa wingi. Müller, yaani msaga nafaka, ndiye awashindaye wote huko Udachi na Uswisi pia. Walakini limefika mbali. Jakob Ammann, mhubiri aliyezaliwa katika nchi ya Bern karne ya 17, alitengana na wenzake Waanabaptisti mwaka 1693, na wafuasi wake wakaitwa Waamishi kwa jina lake. Leo ni zaidi ya 300,000 huko Amerika, wale wapandao magari ya farasi. Othmar Ammann, fundi mzaliwa wa Uswisi, alijenga New York daraja la George Washington lililofunguliwa mwaka 1931. Nafasi kati ya nguzo zake mbili kubwa ni mita 1,067. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, lililofunguliwa 2010, lina mita 720 kutoka ng'ambo hata ng'ambo. Simon Ammann aliruka kwa mbao za theluji akapata medali nne za dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya 2002 na 2010. Na huko Langenthal iko nyumba ya biashara ya ukoo wenye jina hili ambayo hutengeneza mashine za kushindilia barabara. Huenda msomaji amekwisha kuliona jina ubavuni mwa mashine asijue alisomalo.

Wengine hudhani kwamba Ammann ni sawa na *amani*, au kwamba ni jina la mji wa Amman ulioko Yordani. La, hakuna udugu. Amani ni neno la Kiarabu, na mji ule una jina la Waamoni wa Biblia. Sikio hudanganya.

Turudi kwa mjomba, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Wadachi walipotawala nchi hii, mkubwa wa wilaya, aliyekaa bomani Lindi, cheo chake kiliandikwa *Bezirksamtmann*. Tazama mwisho wa neno hilo: *Amtmann*, ndilo jina letu lenyewe kabla ya kumezwa herufi zake. Kwa amri za wakubwa wa cheo hicho kodi ya nyumba ilitozwa tangu 1898, rupia tatu kwa nyumba, na asiyekuwa na rupia alitolewa kazi. Kisha ikaja Maji Maji, 1905 hata 1907. Wadachi wenyewe walikadiria watu 75,000 waliokufa. Waandishi wa baadaye wamefikisha hesabu hata 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na ghala kuchomwa. Misioni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa pia katika vita hivyo. Basi mjomba asemapo kwamba jina lanuka kodi, pua yake haikukosea. Cheo ndicho hicho.

Lakini babu naye ana haki yake. Ukoo wa Askofu ni wa Uswisi, na Uswisi haikuwa na koloni hata moja. Tena ndiyo sababu Waswisi walionekana wengi Ndanda na Peramiho: baada ya vita kuu ya kwanza mapadre Wadachi waliondolewa, na Waingereza waliwaruhusu Wabenediktini wa Uswisi kushika mahali pao, hata Wadachi waliporuhusiwa tena baadaye. Mzee amkumbuka mtu aliyemwekea mkono kichwani, hakumbuki boma. Hatuwezi kumwambia kwamba kumbukumbu yake ni uongo kwa sababu ya herufi zilizofanana.

Sasa rai yetu, kwa kuwa tumeulizwa. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ana neno katika mambo ya mtoto. Jina la ukoo la Kizungu hufuata baba, nalo halibadiliki, ndivyo lilivyofanywa. Kwetu jina la mwisho la mtoto mara nyingi ni jina la babu, na katika kizazi kifuatacho hugeuka. Ukimwandika mtoto Ammann mahali pa jina la mwisho, katika cheti na kitambulisho, huenda ukawawekea wajukuu wake jina ambalo hawakulichagua, la ukoo usiowajua, na jina la babu mwenyewe likapotea katika karatasi. Tunadhani mzee mwenyewe, akielezwa hivyo kwa upole, hatapenda. Hata Waswisi hawalishiki tena jina kwa ukali wa zamani: tangu tarehe 1 Januari mwaka 2013 sheria yao yawaacha mume na mke kila mmoja na jina lake.

Twashauri aitwe Yoakimu. Ndilo jina ambalo Askofu mwenyewe alilipokea, ni la mtakatifu, baba wa Bikira Maria, sikukuu yake pamoja na Anna ni tarehe 26 Julai, wala halikutozwa mtu kodi kwalo. Jina la nyumbani achague mjomba, tena aendewe na baba wa mtoto mwenyewe, asitumiwe barua wala mjumbe.

Na ikiwa mzee atashikilia neno lake hata hivyo, nalo likubaliwe na pande zote mbili, basi liandikwe jina la kati, wala si la mwisho, kwa m mbili na n mbili. Amann wa m moja wako wengi huko Vorarlberg, nchi ya Austria, na Askofu wa Ndanda hakuwa mmoja wao.