KONA YA WALIMU: Akihama timu, bado ni mtoto wetu

Mwezi huu tulipanga kuandika juu ya mitihani. Lakini kuna jambo limetokea hapa kwetu ambalo tumeona haliwezi kungoja. Ni jambo la mpira. Najua wengine mtasema, ah, walimu nao, mpira tu? Subirini kidogo.

Wengi mnajua kwamba kijana mmoja wa timu ya bloku yetu, yule winga wa kulia, amehamia timu ya bloku ya ng'ambo ya korongo. Jina lake hatulitaji, maana ni mwanafunzi wetu, na hata bila kumtaja mnamjua. Ni huyu huyu tuliyembeba mabegani mwaka jana alipofunga bao la fainali. Siku alipoonekana amevaa jezi ya wale, uwanja ulinyamaza kwanza. Kisha likaanza neno moja: msaliti. Lilianza kwa vijana, likafika kwa watoto, na jioni likawa limefika bombani. Mama yake alipokwenda kuchota maji alikuta madumu yake yamesogezwa mpaka mwisho wa foleni. Mdogo wake wa darasa la pili alirudi nyumbani akauliza, "Mama, msaliti ni nini?" Kijana mwenyewe hakuja shule siku nne.

Na sisi tuseme ukweli. Sisi walimu ni mashabiki pia. Siku ile tulikuwepo uwanjani, na baadhi yetu tulipiga miluzi. Kwa hiyo tunayoandika hapa tunajiandikia na sisi wenyewe.

Kisa cha Figo

Tuanze mbali kidogo, Hispania. Wapenzi wa Barcelona na wa Real Madrid hapa kambini ni wengi, kelele zenu kwenye kibanda cha video tunazisikia mpaka usiku. Wakubwa wenu wanakikumbuka kisa hiki.

Luís Figo ni Mreno. Alifika Barcelona mwaka 1995 akitoka Sporting ya Lisbon. Alikuwa winga, anakimbia na mpira utadhani umefungwa mguuni kwa kamba. Akiwa na Barcelona alichukua ubingwa wa Hispania mara mbili, 1998 na 1999, na Kombe la Mfalme mara mbili, 1997 na 1998. Hakuzaliwa pale, lakini watu wa pale walimhesabu mtoto wa nyumbani. Alivaa hata kitambaa cha nahodha.

Hapa lazima tuelewe kitu. Kwa watu wa Barcelona, ile si timu tu. Jenerali Franco alitawala Hispania kwa mkono wa chuma tangu 1939 mpaka alipofariki 1975. Katika utawala wake lugha ya Kikatalani ilizuiwa mashuleni na maofisini. Uwanjani, katikati ya umati, mtu aliweza kuongea lugha ya mama yake kwa hofu ndogo zaidi. Ndiyo maana timu ikawa kama nyumba yao. Na Madrid, mji mkuu wa serikali, ukawa ndio upande wa pili. Sisi tulioacha makwetu tunalielewa jambo hili haraka: ukinyang'anywa vingi, kile kidogo kinachobaki unakishika kwa mikono miwili.

Sasa, mwaka 2000 klabu ya Real Madrid ilikuwa na uchaguzi wa rais wake. Mgombea mmoja, Florentino Pérez, akawaahidi wanachama: mkinichagua, namleta Figo. Wengi hawakuamini. Rais aliyekuwepo, Lorenzo Sanz, alikuwa ameshinda Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara mbili, 1998 na 2000. Nani angemwangusha mtu kama huyo? Kumbe Pérez alikuwa ameshakubaliana na wakala wa Figo pembeni. Mwezi wa saba akachaguliwa. Na ndani ya mkataba wa Figo na Barcelona kulikuwa na kifungu kinachosema, klabu itakayolipa kiasi fulani inaweza kumchukua, Barcelona wapende wasipende. Kiasi hicho kilikuwa peseta bilioni 10, yaani karibu euro milioni 60. Kabla ya hapo hakuna mchezaji duniani aliyewahi kununuliwa kwa pesa nyingi hivyo. Tarehe 24/7/2000 Figo akasimama mbele ya wapiga picha na jezi nyeupe ya Madrid.

Tarehe 21/10/2000 akarudi Barcelona kucheza. Kila alipogusa mpira, miluzi ilijaa uwanja mzima. Walimwita Yuda. Walirusha noti za bandia zenye picha ya uso wake, eti amejiuza. Vitu vingine navyo vikarushwa, ikawa Figo, ambaye kwa kawaida ndiye mpigaji wa kona, siku hiyo kona akawaachia wenzake. Barcelona walishinda 2-0. Mngedhani hasira itaisha hapo. Haikuisha. Aliporudi tena mwezi wa kumi na moja 2002, alikwenda kupiga kona, na kati ya vitu vilivyorushwa kilikuwemo kichwa cha nguruwe. Mwamuzi akasimamisha mchezo, wachezaji wakatoka nje kwa muda. Ukaisha 0-0.

Upande mwingine wa kisa hicho

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu hawapendi kulikumbuka. Ile mechi ya Oktoba 2000, bao la kwanza la Barcelona alifunga nani? Luis Enrique. Na Luis Enrique alitoka wapi? Alitoka Real Madrid! Alicheza Madrid miaka mitano, na mwaka 1996 mkataba wake ulipoisha akahamia Barcelona. Mashabiki wa Barcelona walimpokea, wakampenda, akawa nahodha, na miaka mingi baadaye akawa kocha wao aliyewapa makombe matatu msimu mmoja, mwaka 2015.

Yaani siku ile ile, uwanja ule ule, watu wale wale walimzomea mtu mmoja kwa kuhama, na wakamshangilia mwingine aliyehama njia hiyo hiyo. Tofauti ni nini? Mmoja alikuja kwetu, mwingine alitoka kwetu. Basi, hiyo tu.

Hatusemi kwamba mashabiki wa Barcelona hawakuwa na haki ya kuumia. Mtu haumii kwa mchezaji asiyempenda. Mchezaji wa kawaida akihama, watu husema safari njema, na kesho yake wamemsahau. Hasira ya kiasi kile hutoka kwenye mapenzi ya kiasi kile. Lakini Figo naye miaka ya baadaye alieleza upande wake, kwamba aliona viongozi wa Barcelona hawamthamini kama alivyostahili. Tunaweza kubishana kama alisema kweli yote. Ila swali lake ni zuri: ninyi mnaosema "huyu ni wetu", mlimpa nini kama mtu wenu?

Kiatu kimoja

Swali hilo lilitupeleka nyumbani kwa kijana wetu. Tulikwenda walimu watatu. Mama alitutandikia mkeka, akatupa maji, hakutulaumu. Tukamwuliza kijana, kwa nini? Alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani akatoka na kiatu cha mpira. Kimoja, cha kulia. Kikubwa kuliko mguu wake, kimeshonwa kwa waya pembeni. Akasema, "Mwalimu, hiki ndicho nilichofungia fainali. Cha kushoto kilikuwa cha mwenzangu."

Miezi minane mtoto huyu alicheza na kiatu mguu mmoja na soksi mguu wa pili. Mwenzake vivyo hivyo, amegeuza tu. Kocha wa ng'ambo aliliona hilo katika mechi moja tu, akamtafutia jozi nzima. Tena dada yake ameolewa upande ule, kwa hiyo mazoezi yakiisha anakula kwa shemeji kabla ya kurudi. Kwa familia yenye watoto saba, siku zile posho inapopunguzwa, hilo si jambo dogo.

Sisi tulimbeba mabegani siku ya fainali. Miguu yake ilikuwa hapa, mbele ya macho yetu. Hakuna aliyeitazama.

Je, angetuaga? Ndiyo, angetuaga. Tulimwambia hivyo, na akakubali kwamba aliogopa. Kocha wetu aliumia kwa kusikia habari bombani badala ya kuisikia kwake, na kocha ana haki yake. Kijana ameahidi kwenda kumwona. Lakini kosa la kutokuaga ni kosa la kutokuaga tu. Usaliti ni jambo lingine kabisa.

Neno hili tunalijua

Ndugu zetu, tuseme polepole. Wengi wetu tuko hapa kwa sababu siku moja mtu alinyoosha kidole akasema, "huyo ni msaliti". Kuna wenzetu ambao nyumba zao zilichomwa kwa neno hilo. Kuna walioitwa hivyo na upande mmoja, wakakimbia, na upande wa pili nao ukawaita hivyo hivyo. Hakuna aliyewauliza maswali. Neno lenyewe lilitosha kuwa hukumu.

Leo tunalichukua neno lile lile tunampa mtoto wa miaka 16, kwa sababu ya jezi. Na mdogo wake wa darasa la pili anajifunza maana yake, si kwenye kamusi, bali kwenye foleni ya maji: msaliti ni mtu ambaye dumu la mama yake linasogezwa nyuma. Somo la namna hiyo mtoto halisahau. Atakuja kulitumia akiwa mkubwa, na siku hiyo huenda hakutakuwa na mpira wala mwamuzi.

Papa mmoja wa bloku yetu alitujibu, "Walimu, msituondolee na mpira. Jioni ile uwanjani ndiyo inayotusahaulisha." Papa, hatuuondoi. Zomeeni! Pigeni miluzi kila anapogusa mpira, hiyo ni sehemu ya mchezo, na yeye kama winga lazima aizoee. Tunachoomba ni kwamba miluzi ianze na filimbi ya kwanza na iishe na filimbi ya mwisho. Isitoke nje ya uwanja. Isifike bombani, isifike darasani, isifike kwa mama.

Mambo matatu tunayoomba

Kwanza, kwa wazazi: watoto wenu wakilitumia neno hilo nyumbani, msicheke. Waulizeni wanamaanisha nini. Wengi hawajui, wanarudia tu wanayoyasikia kwetu wakubwa.

Pili, kwa mama zetu wa zamu ya bomba: foleni ya maji haina timu. Tunajua hamkuwa ninyi wote. Lakini wote mliona.

Tatu, kwa vijana wa timu yetu: yule aliyebaki na kiatu cha kushoto bado yuko kwenu. Msimngoje na yeye aondoke ndipo mtazame miguu yake.

Maswali ya kuzungumza jioni nyumbani

1. Kwa nini watu wa Barcelona walimpenda Luis Enrique na kumchukia Figo, wakati wote wawili walihama?
2. Mtu akihama timu, kijiji au kanisa, ni lini tunaweza kusema ametukosea, na ni lini ametafuta maisha tu?
3. Je, kuna mtu wa bloku yetu tunayejivunia, lakini hatujui anahitaji nini?

Jumamosi ya pili ya mwezi huu timu zetu mbili zinakutana, saa kumi jioni, uwanja wa shule. Kijana wetu atacheza upande wa pili. Ameshaanza kurudi darasani, anakaa nyuma, haongei sana. Mama yake ametuuliza kama itakuwa salama aje kutazama. Tumemjibu ndiyo. Tunaomba msitufanye waongo.

Mwisho, tumeweka sanduku pale ofisi ya walimu kwa ajili ya viatu vya mpira, vya timu yoyote. Mwenye jozi alete. Mwenye kimoja naye alete, pengine jirani yake ana cha pili.

Tukutane mwezi ujao, tutarudi kwenye mitihani. Mungu azilinde familia zetu zote, za bloku yetu na za ng'ambo.

Walimu wenu wa kujitolea