Kondoo sio ng'ombe mdogo jamani!

Najua mlitegemea niongelee boom, lakini leo naomba niongelee kondoo. Chekeni kwanza, mkimaliza msome mpaka chini, maana kuna watu humu ada yao imetoka zizini.

Kuna huu mtindo wa kwamba kondoo akidhoofu kidogo tu, mtu anakimbilia duka la dawa za mifugo kununua paketi ya vitamini na madini "ya kuongeza kinga". Imeandikwa ng'ombe, imeandikwa kuku, yeye anamwagia tu kondoo. Mimi hapo ndo napinga.

Sipingi virutubisho vyenyewe. Vina kazi, tena kubwa. Seleniamu inatumika mwilini kutengeneza kimeng'enya kinacholinda seli zisiharibike (hilo lilijulikana mwaka 1973), na inashirikiana na vitamini E. Vikikosekana, mwana-kondoo misuli inapauka, kusimama kwenyewe shida. Vitamini A kondoo anaipata kwenye majani mabichi na kuweka akiba kwenye ini. Kiangazi kikirefuka akiba inakwisha, ngozi laini ya macho, pua na utumbo inachoka, vijidudu vinapata mlango. Kwa hiyo sayansi ipo.

Ila kuna vitu tunauziwa bure. Vitamini C kondoo anajitengenezea mwenyewe. B12 inatengenezwa na bakteria wa tumboni mwake, mradi wapate kobalti. Huko Australia kondoo walikuwa wanakonda na kufa kwenye malisho yanayoonekana mazuri tu, mpaka mwaka 1935 Underwood na Filmer wakaonyesha kinachokosekana ni kobalti, basi. Hata hapo jirani Kenya, upungufu huohuo ulipewa jina la Nakuruitis, kutokana na Nakuru. Maana yake upungufu una eneo lake na dawa yake. Huwezi kutibu kila zizi kwa paketi moja.

Sasa njooni kwenye shaba, maana hapa ndipo watu wanapoua kwa nia njema. Kondoo anahitaji shaba kidogo, lakini ini lake ni zito sana kuitoa ikizidi, tofauti na ng'ombe. Inajikusanya wiki kwa wiki, mnyama anakula na kutembea kama kawaida. Siku akipata msukosuko, labda safari au njaa, ini linaimwaga kwenye damu, chembe nyekundu zinapasuka. Macho yanageuka njano, mkojo unakuwa rangi ya kahawa, siku chache kwisha habari. Kikomo kinachotajwa na wataalamu ni kama miligramu 15 kwa kilo ya chakula kikavu. Madini na vyakula vya ng'ombe au nguruwe vinaweza kupita hapo kirahisi kabisa. Na mwenye zizi atasema karogwa!

Najua kuna atakayesema, "ardhi zetu hazina madini, bora yazidi kuliko yakosekane." Hapana bwana. Hata seleniamu, mahitaji ni kama miligramu 0.1 mpaka 0.2 kwa kilo ya chakula, na ikizidi sana ni sumu.

Mimi kwa mtazamo wangu pesa ya mfugaji ingeenda hivi. Kwanza chanjo. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo hapa Tanzania ilithibitishwa mwaka 2008, ina chanjo ambayo dozi moja inakinga angalau miaka 3. Hakuna vitamini inayofanya hivyo. Pili minyoo. Funua ukope, ukiwa mweupe badala ya mwekundu, kuna uwezekano mkubwa minyoo inamfyonza damu. Na mwenye kondoo mwekundu wa Kimasai asimdharau kwa udogo wake, anastahimili minyoo hiyo kuliko wengi wa kisasa. Tatu chakula, hasa protini, maana kinga inajengwa na chakula. Mashudu ya kiangazi yanaweza kufanya kazi kuliko sindano ya vitamini. Mwisho kabisa ndo madini: jiwe la kulamba lililoandikwa la KONDOO, na sindano kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Na sisi wa ualimu tusijifanye hayatuhusu. Lile jedwali la madini tunalokaririsha watoto huwa na safu tatu: jina, kazi, dalili za upungufu. Mtoto anatoka darasani akiamini madini ni kama baraka, kadiri yanavyozidi ndivyo bora. Tukienda TP tuongeze safu ya nne ubaoni: yakizidi je? Chaki haigharimu kitu, na huyo mtoto jioni ndiye anayetumwa dukani na babake.

Nawasilisha. Wenye hoja karibuni, ila wa mifugo naomba msije na matusi, hehehe.