Haki ya Wanawake Wawili Upande Mmoja wa Wavu

Kila mashindano makubwa ya tenisi yamalizikapo, magazeti yetu humpa msomaji picha kubwa ya mwanamke aliyeshinda peke yake, na habari za makuzi yake, na hesabu ya fedha alizochuma. Kisha chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo jicho halifiki ila kwa nadra, hutajwa kwa mstari mmoja majina ya wanawake wawili waliotwaa taji la wachezaji wawili wawili, na mara nyingine hata mstari huo haupatikani. Nadai kwamba desturi hii haina insafu, na kwamba sisi waandishi, kabla ya wenye viwanja na wenye mali, ndio tunaopaswa kuiacha kwanza.

Asiyepata kuutazama mchezo huu wa wawili wawili kwa makini hudhani kuwa ni ule ule wa mtu peke yake, ila umeongezewa watu. Sivyo hata kidogo. Upana wa uwanja huongezeka kutoka futi 27 hadi futi 36, lakini nafasi ya kukosea hupungua, maana karibu na wavu husimama hasimu aliye tayari kuukatiza mpira wowote upitao juu kidogo kuliko ustahilivyo. Mtazame mwenzi wa yule aanzishaye mpira: ameinama mbele, macho yake yako ng'ambo, na mkono mmoja ameupeleka nyuma ya mgongo, akikunja ngumi au kufungua kiganja, ili kumjulisha mwenzake, kwa ishara wasiyoiona wapinzani, kama mpira ukirudi atavuka aukatize au atabaki mahali pake. Akivuka, mwenzake hana budi kukimbilia upande ulioachwa wazi, bila ya kuuliza wala kusita, kama vile katika mashua nahodha ageuzavyo usukani na mwenzake akalegeza demani pasipo kuambizana neno. Martina Navratilova na Pam Shriver walifikia daraja ya masikilizano hayo hata wakashinda michezo 109 mfululizo, tangu mwaka 1983 mpaka walipofungwa katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 1985. Na hiyo ni kazi ya akili na subira kiasi kile kile ilivyo kazi ya mkono.

Lakini kisa kinachonipa nguvu ya kusema haya ni cha mwaka 1956. Althea Gibson, aliyezaliwa South Carolina mwaka 1927 na kulelewa Harlem, alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuruhusiwa kuingia katika mashindano ya taifa ya Marekani, mwaka 1950, tena baada ya bingwa wa zamani, Alice Marble, kuandika makala ya kuwatahayarisha wenye mamlaka ya mchezo. Angela Buxton alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Liverpool, na katika baadhi ya vilabu vya Uingereza vya zama zile dini yake ilitosha kumfungia mlango. Wote wawili walikuwa hodari, na wote wawili hawakuwa na mwenzi wa kudumu, basi wakashirikiana. Husimuliwa kwamba katika mashindano ya Ufaransa huko Paris, walipokutana kama wapinzani katika nusu fainali ya mchezaji mmoja mmoja, mshipi wa nguo ya ndani ya Gibson ulikatika, na Buxton, aliyekuwa akitafuta kumshinda, akamkimbilia akamsitiri kwa mwili wake mbele ya umati. Gibson alishinda siku ile, akaendelea hata akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji moja la yale mashindano manne makubwa ya tenisi. Na pamoja na Buxton akatwaa la wawili wawili Paris, kisha Wimbledon, walikowashinda Fay Muller na Daphne Seeney wa Australia kwa 6-1, 8-6.

Buxton alieleza baadaye kuwa gazeti moja la Uingereza liliitoa habari ya ushindi huo kwa herufi ndogo, chini ya kichwa kilichotangaza tu kwamba watu wa jamii za wachache wameshinda. Hapo ndipo pananiuma. Wanawake ambao vilabu viliwakunjia uso walishinda mbele ya macho ya watu wote, na aliyepewa amana ya kuwajulisha walimwengu akaona rangi na dini, asiuone mchezo.

Jeraha la kifundo cha mkono lilimtoa Buxton uwanjani angali kijana. Gibson akatwaa Wimbledon peke yake mwaka 1957 na 1958, na la wawili wawili pia miaka hiyo, kwanza na Darlene Hard, kisha na Maria Bueno wa Brazili; lakini enzi yake ilikuwa ya mchezo wa ridhaa usio na ujira, na uzee ukamkuta fakiri na mgonjwa. Mwaka 1995 alimpigia simu sahibu yake, akamwambia kuwa hana tena tamaa ya kuishi. Buxton akamsaidia kwa mali yake, kisha akaandika barua ikachapishwa katika jarida la tenisi, na michango ikamiminika kutoka pembe nyingi za dunia hata ikakaribia dola milioni 1. Gibson aliishi mpaka mwaka 2003.

Watasema wenye kunipinga kuwa watazamaji hawaupendi mchezo huu, na kwamba tofauti ya fedha ni ushahidi: Wimbledon mwaka 2023 mshindi wa peke yake alipata pauni 2,350,000, ilhali washindi wa wawili wawili, Hsieh Su-wei na Barbora Strýcová, waligawana pauni 600,000. Nakiri hesabu hiyo, siikubali hoja. Mtu hawezi kupenda asichoelezwa, na fedha huandama macho ya watu, nayo macho ya watu aghalabu huandama gazeti.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya karibu zaidi. Taji la kwanza la mashindano hayo manne makubwa kuja Kenya lilikuja kwa mlango huu huu, pale Angella Okutoyi aliposhinda Wimbledon ya wasichana mwezi Julai 2022, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, kwa 3-6, 6-4, 11-9 dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Kumi na moja kwa tisa: pointi mbili tu, na pointi hizo zilikuwa za wote wawili. Basi mhariri atakapoitaja tena siku ile, amtaje na Nijkamp. Na mashindano makubwa yajayo yakifika fainali ya wanawake wawili wawili, amtume mwandishi akae mpaka mwisho, aeleze nani alivuka wavuni na nani alimlindia mgongo, na habari hiyo ipewe kichwa chake na picha yake yenye sura zote mbili.