Ijaza na Shahada ya Mwenye Kuitoa

Mzazi mmoja ametuuliza swali. Chuoni anakosoma mwanawe amekuja mwalimu mpya, naye ametundika ukutani ijaza ya Qur'ani iliyopigwa muhuri. Je, karatasi ile ina uzito gani, na neno lenyewe lina maana gani?

Ijaza ni neno la Kiarabu, la mzizi wa jim, waw na zay, wenye maana ya kupita. Mzizi huo tunao midomoni kila siku: tunaposema jambo lajuzu au halijuzu, twasema kuwa lapita au halipiti. Majazi ya washairi ni ya ukoo huo huo, kwa kuwa neno limevuka maana yake ya asili. Na Waarabu wa Ghuba huita pasipoti jawazi. Lakini ijara, yaani ujira, haimo katika ukoo huo, ingawa masikio huyachanganya maneno haya mawili (na siku hizi, tunaogopa, mifuko nayo huyachanganya).

Bingwa wa lugha Ibn Faris, aliyefariki mwaka 395 Hijria (1004), alilirudisha neno hili kwenye maji. Jawazi, alisema, ni maji wanayonyweshwa mifugo na mimea. Mtu huomba maji kwa ajili ya wanyama wake au shamba lake, akapewa. Vivyo hivyo mwanafunzi humwomba mwanachuoni elimu yake, naye akampa. Tunaipenda tafsiri hii, kwani yamlazimu mwenye kuombwa awe na maji kisimani.

Katika elimu ya Hadithi mlango huu ulipanuliwa sana. Ibn as-Salah, aliyefariki 643 Hijria (1245), alihesabu aina saba za ijaza. Wako waliowapa ijaza Waislamu wote wa zama zao, hata wasiopata kuwaona. Yeye hakupendezwa: ijaza kwa asili yake ina udhaifu, na kuipanua namna hiyo ni kuuzidisha. Ijaza ya kisomo cha Qur'ani haikuachiwa upana huo. Kwa kawaida yake, mwanafunzi husoma mbele ya sheikh wake toka Alhamdu hadi Qul a'udhu ya mwisho, kwa hifdhi na tajwidi, mathalan kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, na sheikh akamsahihisha herufi kwa herufi.

Aliyelifafanua jambo hili vizuri zaidi, kwa rai yetu, ni Imam Suyuti, aliyefariki 911 Hijria (1505), katika kitabu chake al-Itqan. Asema kwamba ijaza si sharti la kusomesha. Anayejijua kuwa anafaa yajuzu asomeshe, hata kama hakupewa na mtu. Basi kwa nini watu wakaiweka? Kwa sababu anayeanza kusoma hana uwezo wa kumpima mwalimu. Ijaza ni kama shahada ya sheikh juu ya mwanafunzi wake. Na Kiswahili chetu kimelipokea neno shahada kwa maana zote mbili, ya ushahidi na ya cheti, ila sisi tumeing'ang'ania ya pili tukaisahau ya kwanza.

Kutokana na hayo Suyuti akafunga mlango wa biashara: kumzuilia mtu ijaza mpaka atoe mali hakujuzu kwa ijmai. Akijulikana kuwa anafaa, ni wajibu apewe. Akijulikana hafai, ni haramu kumpa. Tunawaelekeza hapo masheikh wenzetu wanaotia saini kwa kuona haya, au kwa kuwa kijana ni mtoto wa rafiki. Shahidi wa uongo mahakamani humdhulumu mtu mmoja. Huyu huwafikia watoto wa mtaa mzima, wakakosea Fatiha katika sala zao.

Kwa mzazi aliyeuliza: muhuri usikushughulishe. Muulize mwalimu, kwa adabu, ni nani aliyemsikiliza, alimsomea msahafu wote au sehemu yake, kwa hifdhi au kwa kutazama, na je, walikutana ana kwa ana? Kisha mchukue hafidh mnayemwamini msikitini kwenu, mkae chuoni asubuhi moja mkisikiliza watoto wakisomeshwa. Na ukimpata mwalimu asiye na karatasi yoyote lakini hafidh huyo akaridhika na kisomo chake, mwache mwanao hapo hapo.

Wallahu a'lam.