BARAFU NA USTAARABU

Katika baraza moja ya mjini palizuka mabishano ambayo twaona yafaa kuletwa mbele ya wasomaji wetu. Bwana mmoja aliyekaa Marekani miaka mingi alikuwa akieleza habari za jokofu, au friji kama wengi wasemavyo, lenye bomba mlangoni. Mtu hafungui mlango. Huweka bilauri katika kidaka kilichomo mlangoni, akasukuma kidogo, maji ya baridi yakamiminika. Na akitaka barafu, vipande huanguka vikilia kama changarawe. Mwenziwe, aliyesoma Ujerumani, alicheka akasema kwamba huko alikokaa yeye watu wenye mali zao hawana kitu hicho jikoni, wala hawakitamani. Wa kwanza akajibu kwamba basi hao Wajerumani wamebaki nyuma. Hapo mzee wa tatu, aliyekuwa amenyamaza, akauliza: "Na sisi tunaokunywa ya mtungi, tumebaki wapi?"

Watu walicheka, lakini mzee hakujibiwa. Sisi twalichukua swali lake, maana siku hizi majokofu ya namna hiyo yamo katika maduka ya miji yetu, na wako wanaokopa ili wayanunue, si kwa sababu ya kiu bali kwa sababu ya jirani.

Kwanza ijulikane kwamba Mmarekani hakuzaliwa na kiu ya barafu. Alifundishwa, na mwalimu wake alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1806 kijana wa Boston aitwaye Frederic Tudor alipakia melini barafu iliyokatwa katika bwawa la jimbo la Massachusetts wakati wa baridi kali, akaipeleka katika kisiwa cha Martinique, bahari ya Karibi. Watu wa Boston walimcheka. Watu wa Martinique hawakujua waifanyie nini, nayo ikayeyuka, akapata hasara, na miaka michache baadaye akatiwa kifungoni kwa madeni. Lakini hakuacha. Alijifunza kuifukia barafu katika unga wa mbao ili isiyeyuke upesi, akawapa wenye vilabu vya vinywaji barafu bure hapo mwanzo, kwa kuwa alijua kwamba mtu akizoea kinywaji cha baridi hatataka tena cha vuguvugu. Mwaka 1833 meli yake ilichukua tani 180 kutoka Boston mpaka Calcutta, safari ya miezi minne kupitia bahari za joto, na kiasi cha tani 100 zikafika zingali barafu.

Biashara hiyo ndiyo iliyomzoeza Mmarekani. Gari la barafu likawa likipita mitaani, kila nyumba ikawa na sanduku la mbao la kuiwekea, na katika mahoteli maji yenye barafu yakawekwa mezani kabla mgeni hajaagiza chochote. Wasafiri kutoka Ulaya katika karne ya 19 walilistaajabia jambo hilo. Kisha yakaja majokofu ya umeme. Mwaka 1953 kampuni ya Servel ilitoa jokofu lenye mtambo wa kujitengenezea barafu, na katika miaka ya 1960 vikatokea vidaka vya mlangoni. Basi bomba lile analolisifu bwana yetu wa barazani ni mwisho wa njia ndefu iliyoanzia bwawani. Halikushuka kutoka mbinguni kama alama ya ustaarabu.

Mwingereza aliipata barafu hiyo hiyo. Katika miaka ya 1840 barafu ya ziwa Wenham, lililo karibu na Boston, iliwekwa katika dirisha la duka mjini London, mtaa wa Strand, na wapita njia wakasimama kuiangalia ilivyo safi kama kioo. Waingereza wakaipenda, baadaye wakawa wakiinunua kutoka Norwe ambako ni karibu zaidi. Wakaitumia kwa samaki, kwa nyama na kwa karamu za wakubwa. Lakini kunywa maji ya barafu kila siku, asubuhi na jioni, hakukuwa desturi ya nyumba ya kawaida. Nchi yao si ya joto, na walikuwa na chai yao.

Hata leo Mzungu wa bara hupenda maji yake kwa njia nyingine. Mjerumani hununua kreti za chupa za maji yenye gesi. Mtaliano ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa maji ya chupa duniani, na mamake humwonya asinywe maji ya baridi sana mara baada ya kula, asije akadhurika tumboni. Tena jikoni za huko ni ndogo. Jokofu la upana wa sentimeta 60 hufichwa ndani ya kabati, mlango wake ukafanana na milango mingine, wala hapana nafasi ya kidaka. Lile kubwa la milango miwili wao wenyewe huliita jokofu la Kimarekani, kama watu watajavyo kitu cha mgeni. Basi aliyesoma Ujerumani hakusema uongo, wala wenyeji wake hawakubaki nyuma.

Ama Mchina, yeye amekwenda upande wa pili kabisa. Humpa mgeni maji ya moto, ya moto kweli, bila majani ya chai. Tabia hiyo ni ya zamani katika tiba zao, lakini iliongezwa nguvu na kampeni ya afya ya mwaka 1952, wananchi walipofundishwa kuchemsha maji na chupa za kuhifadhi moto zikaingia viwandani, mashuleni na majumbani. Mpaka leo katika magari ya moshi ya China mna bomba la maji yaliyochemshwa, na abiria huja na kikombe chake. Nani atathubutu kusema kwamba watu waliojenga reli zile ni washamba kwa kuwa hawana barafu mlangoni?

Na Wajapani, mafundi wa kila kitu, wameweka mtambo wa barafu ndani ya majokofu yao, lakini aghalabu hawakuufunga na bomba la nyumba. Mna kitangi kidogo ndani, mama wa nyumba hukijaza kwa mkono. Mengi ya majokofu yanayofika katika maduka yetu ni ya mtindo huo, yana tangi la kujazwa ingawa mlangoni yana kidaka. Mnunuzi hakuambiwa, au hakuuliza. Afikapo nyumbani hugundua kwamba amenunua jagi lenye mfereji, kwa bei ya ng'ombe kadhaa.

Sasa turudi kwetu. Mgeni wa nchi hii aingiapo dukani akaulizwa, "Ya moto au ya baridi?" hushangaa, akidhani soda itachemshwa. Ya moto maana yake ni ile isiyotiwa katika jokofu, na wazee wengi huitaka hiyo kwa ajili ya vifua na meno yao. Jambo hili peke yake lingetosha kutuonyesha kwamba ubaridi kwetu ni hiari, si kipimo cha mtu. Mtungi nao si kitu cha kuonewa haya. Udongo wake hupitisha maji kidogo kidogo, yakifika nje hukauka kwa upepo, na kule kukauka huondoa joto la maji yaliyobaki ndani. Ni kanuni ya maumbile, na haidai umeme.

Lakini tofauti kubwa zaidi twaiona katika habari ya mgeni. Marekani, ukimtembelea rafiki, atakwambia, "Bilauri zimo kabatini, jihudumie." Hakudharau. Kwa desturi yake amekupa heshima kuu, amekufanya mtu wa nyumbani, na bomba la mlangoni limetengenezwa barabara kwa ajili ya heshima ya namna hiyo, maana hata mtoto mdogo na mgeni wa jana waweza kulitumia bila kuomba. Kwetu sisi, mgeni anayeinuka kitini kwenda jikoni kujikamulia maji ni aibu ya nyumba nzima. Maji huletwa, bilauri juu ya kisahani, kwa mkono wa kuume, na mwenye kuleta husubiri mpaka mgeni anywe. Katika dakika ile hujulikana mengi: kama mgeni ana haraka, kama ametoka mbali, kama ana habari nzito. Hatusemi desturi yetu ni bora kuliko ya Mmarekani. Twasema kwamba chombo kilichoundwa kwa adabu moja, kikiingia katika nyumba ya adabu nyingine, hukosa kazi, au huharibu kazi iliyokuwapo.

Ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba wanajua mfano wa tatu, ambao sisi binafsi twaupenda kuliko yote. Huko, penye jua kali, maji ya baridi hutolewa nje ya nyumba. Mtambo wa kupoza maji hufungwa ukutani, kwenye msikiti au kwenye ua wa tajiri, na kikombe huwekwa pale, ili kila mpita njia, awe mfanyakazi wa barabara au mwenye gari, anywe kwa sabili. Bomba ni lile lile, barafu ni ile ile, lakini limeelekezwa barabarani.

Yako mambo mengine yasiyo ya desturi bali ya maji yenyewe, na hapa twawaomba wanaotaka kununua wasome taratibu. Jokofu la kufungwa na bomba hutegemea mambo mawili: maji yasiyokatika na maji yanayofaa kunywewa. Watengenezaji wengi huandika katika vitabu vyao kwamba maji yaje kwa nguvu isiyopungua ratili 20 kwa kila inchi ya mraba. Tanki la juu ya nyumba, likiwa meta 5 juu ya jokofu, hutoa kama ratili 7 tu. Kwa hiyo mwenye kutegemea tanki, nao ndio wengi katika miji yetu ambako maji huja kwa zamu, ataona matone machache, na barafu zilizo nyembamba na zenye matundu, mpaka anunue pampu. Na aliyeleta jokofu lake kutoka Marekani katika kontena atalazimika kununua na transfoma, maana umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 230. Jamaa yetu mmoja alifanya vyote hivyo, na mkewe sasa huweka funguo katika kidaka.

La pili ndilo la hatari. Watu wengi hudhani kwamba baridi huua vijidudu. Haiui, vingi hulala tu vikingoja maji yayeyuke. Barafu ni safi kwa kadiri ya maji iliyofanyizwa nayo, haizidi hapo. Wengine hutumaini kichujio kilichomo ndani ya jokofu. Kichujio kile kazi yake aghalabu ni kupunguza harufu ya dawa ya maji na uchafu wa mabomba, na watengenezaji wenyewe huandika juu yake kwamba kisitumiwe kwa maji yasiyo salama ambayo hayakusafishwa kwanza. Maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo, na kwa lugha ambayo mama wa nyumba hakuisoma. Kipindupindu kimeingia katika miji yetu zaidi ya mara moja. Mama anayechemsha maji, akayapoza, akayatia katika chupa na kuzipanga ndani ya jokofu la kawaida, huyo ana maji ya baridi na salama. Jirani yake mwenye kidaka kilichofungwa na bomba la mtaani ana maji ya baridi tu. Mgeni akiingia katika nyumba hizo mbili, atamsifu yupi kwa ustaarabu? Twaogopa kwamba atamsifu wa pili.

Hata hivyo tusimkosee bwana yetu aliyetoka Marekani. Kuna jambo moja katika hadithi yake ambalo lastahili wivu, ila yeye mwenyewe hakulitaja kwa kuwa alilizoea. Nyuma ya jokofu lile pana mrija mwembamba, unene wake robo ya inchi, ulioungwa na bomba la nyumba, na bomba la nyumba limeungwa na bomba la mji, na katika miji iliyo mingi maji yamo humo usiku na mchana, yamepimwa, na maskini na tajiri huyanywa bila kuyachemsha. Wala hata huko si pote. Katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, mwaka 2014 wakuu walibadilisha chanzo cha maji ili kupunguza gharama, risasi ikaingia katika maji kutoka mabomba ya zamani, na watu wenye majokofu yenye vidaka wakapanga foleni kupokea chupa.

Mzee wa barazani alipoulizwa na mmoja wetu kama angependa kuwa na jokofu kama lile, alisema angelipenda sana, ili wajukuu wachezee. Kisha akauliza mtaani kwao maji yatarudi lini, maana ilikuwa siku ya nne. Swali hilo la pili twalipeleka kwa wenye mamlaka ya maji wa mji huu, pamoja na jingine la kwetu: nyumba mpya zinazojengwa, bomba lao la jikoni litatoka katika njia kuu, au litatoka tena katika tanki?