Tuwakumbuke Waliotangulia: Imamu Aliyeuza Peremende



Mzee hufurahi sana anapopata nafasi ya kusema, "Fulani? Nimesoma naye skuli moja!" Hulisema neno hilo kwa kishindo pale fulani huyo alipopata cheo, au alipovuma kwa uhodari wa mchezo. Lakini yako majina mengine ambayo hata waliokaa na mwenyewe ubao mmoja huogopa kuyataja hadharani, mpaka hatari ipite. Mwezi huu nataka tumkumbuke Marehemu Imamu Abdullah Haron wa Cape Town, Afrika Kusini: mwanamichezo, mchuuzi na mtumishi wa watu.

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1924, mtoto wa mwisho kwa wazee wake. Mama yake alifariki naye angali mchanga, akalelewa na shangazi yake. Alisoma katika skuli ya Waislamu ya Talfalah, mtaa wa Claremont, kisha akiwa bado kijana alikwenda Makka, akakaa kiasi cha miaka miwili akisoma kwa Sheikh Alawi al-Maliki. Aliporudi aliendelea kusoma kwa masheikh wa kwao.

Wala msidhani alirudi akawa mtu wa kukunja uso. Alipenda kuvaa nguo nadhifu na tarbushi iliyonyooka, na alipenda mno raga na kriketi. Mimi mwenyewe raga siijui. Naiona ni vita vyenye refa. Lakini huko Cape Town Waislamu wengi wameipenda raga tangu zamani, na haikuwa ajabu kumwona mwanafunzi wa Qurani akikimbia na mpira kifuani. Ila siku zile katika nchi ile hata mchezo ulikuwa na rangi. Weupe walikuwa na vyama vyao na viwanja vyao, na wengine wakajitafutia vyao. Mchezaji kriketi Basil D'Oliveira, mzaliwa wa mji ule ule wa Cape Town, ilimbidi ahamie Uingereza mwaka 1960 ndipo kipaji chake kionekane. Alipochaguliwa mwaka 1968 kwenda Afrika Kusini pamoja na timu ya Uingereza, serikali ya Vorster ilikataa kumpokea, na safari nzima ikavunjwa. Kijana aliyekulia katika viwanja kama vile hakuhitaji kitabu cha kumfunza dhuluma ni nini.

Mwaka 1955, naye ana umri wa miaka 31, alifanywa imamu wa msikiti wa Al-Jaamia katika barabara ya Stegmann. Aliwakusanya vijana, na mwaka 1958 kikaundwa chama chao. Tena tangu mwaka 1960 alikuwa mhariri wa gazeti la Muslim News. Lakini imamu naye ana watoto watatu wa kulisha. Basi akaajiriwa na kampuni ya Wilson-Rowntree, akawa anazunguka na gari akiwauzia wenye maduka peremende na chokoleti.

Hapa, vijana, ndipo pa kutazamwa sana. Mtu asiyekuwa mweusi hakuweza kuingia na kutoka apendavyo katika vitongoji vya Langa, Gugulethu na Nyanga. Mchuuzi wa peremende alikuwa na sababu ya kuingia. Alikwenda akauza, na baada ya kuuza akapita nyumba ambazo waume wamefungwa kwa ajili ya siasa, akawaachia wake zao fedha za chakula na kodi. Hakuuliza dini ya mtu. Wenyeji wakamwita "Mfundisi", neno la Kixhosa ambalo Mswahili halihitaji mkalimani. Fedha nyingine zilitoka kwa marafiki wa nje, miongoni mwao padri John Collins wa London. Serikali ikaanza kumwandama.

Tarehe 28 Mei 1969, katika siku za Maulidi, alikamatwa na askari wa usalama. Sheria ya Ugaidi ya mwaka 1967 iliruhusu mtu awekwe ndani bila ya kushtakiwa, bila wakili, bila kuonana na jamaa zake. Akakaa siku 123.

Na je, mji? Walikuwako waliosema, lakini maimamu na wakubwa wengi walinyamaza. Naliandika hili kwa uzito, maana mimi sikuwako, na aliye mbali na moto haelewi joto lake. Walikuwa na watoto, walikuwa na misikiti ya kulinda. Hata hivyo nimezihesabu Ijumaa zilizomo ndani ya siku zile, nazo ni 18. Mara 18 watu walipanda mimbari, na ndugu yao yumo kizuizini ng'ambo ya barabara chache tu.

Alifariki tarehe 27 Septemba. Askari walisema alianguka ngazini. Mwili ulikuwa na michubuko zaidi ya 20 na mbavu zilizovunjika.

Tarehe 29 Septemba ndipo mji ulipojitokeza: yapata watu 40,000, Waislamu na wasio Waislamu. Walikusanyika katika uwanja wa michezo wa City Park, Athlone, uwanja wa raga, kisha wakalichukua jeneza mabegani hadi makaburi ya Mowbray, mwendo wa kiasi cha kilomita 10. Usiku ule ule ardhi ilitetemeka katika nchi ya Cape. Wako wanaosimulia tetemeko lile mpaka leo. Mimi huutazama zaidi umati ule, nikajiuliza nusu yake ilikuwa wapi mwezi wa Juni.

Uchunguzi wa mahakama wa mwaka 1970 haukumtia hatiani askari hata mmoja. Jamaa zake hawakuacha kudai. Tarehe 9 Oktoba 2023 Jaji Daniel Thulare aliufuta uamuzi ule, akasema kwamba Imamu aliuawa kwa mateso ya askari waliomzuia. Bibi Galiema, mkewe aliyeolewa mwaka 1950, hakuisikia hukumu hiyo. Alifariki tarehe 29 Septemba 2019, miaka 50 kamili tangu siku alipozikwa mumewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.